EB Garamond: nimepangia kitabu cha mashairi kwa fonti ya bure, haya ndo niliyoyaona

Naanza na kilichonifanya niitafute. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu wa hapa mtaani kwetu Dar alikuja na madaftari mawili ya mashairi kayaandika kwa mkono, anataka kitabu kidogo cha kuingia mfuko wa koti, A6. Mi kazi zangu ndo hizo, kutaipu, kupanga kurasa, kadi za harusi, ratiba za misiba, ripoti za vikoba. Nikampangia kurasa nne za mfano, Times New Roman saizi 12 kama kawaida yetu wote, nikamprintia. Akavaa miwani, akatazama weee, halafu akanirudishia karatasi zangu: "Mwanangu, mbona umeniandikia barua ya kuitwa kwenye kikao? Mi nilitaka kitabu."

Nilicheka ila liliniingia. Maana ni kweli, Times hatuioni tena kama fonti, tunaiona kama ofisi. Barua ya kuomba kazi Times, risala Times, utafiti wa chuo Times 12 na mistari iachane mara mbili. Na si kosa lake jamani, ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikaanza kutumika humo 1932, kazi yake kubana maneno kwenye safu nyembamba za gazeti na bado yasomeke. Kubana inabana vizuri. Lakini shairi halitaki kubanwa, linataka kupumua.

Ndo nikaanza kuhangaika na Garamond. Na hapa niseme kitu ambacho kilinichanganya siku mbili nzima: Garamond si fonti moja. Ukifungua Word kwenye mashine nyingi unakuta imeandikwa Garamond tu, hiyo ni ya Monotype, kampuni ya kutengeneza fonti, imekuja na Office. Ninayoisifia mimi hapa ni EB Garamond, unaidaunlodi bure Google Fonts, leseni yake ni huria, unaruhusiwa kuitumia hata kwenye kitabu cha kuuza bila kumlipa mtu. Mwanzo nilidhani ni kitu kilekile kimebadilishwa jina. Wapi. Niliprinti ukurasa mmoja kwa zote mbili nikaziweka sambamba kwenye meza, ile ya Word ni nyembamba mpaka unahisi tona imeisha, na ukiilaza, yaani italiki, herufi kubwa zake kila moja inalalia pembe yake, kama watu kwenye daladala likipiga kona. Halafu ile ya Word haina hata boldi ya italiki ya kwake, ukibonyeza B na I kwa pamoja kompyuta inaiboldisha yenyewe kwa kulazimisha.

Sababu ya tofauti ni stori tamu kweli. Claude Garamond alikuwa mchonga herufi Paris, karne ya 16, enzi hizo kila herufi unaichonga kwa mkono kwenye ncha ya chuma kabla hujaipiga kwenye shaba na kumimina risasi iliyoyeyushwa. Alichonga mpaka herufi za Kigiriki za mfalme François wa Kwanza. Akafa 1561, vyuma vyake vikauzwa, vingine vikafika Antwerp kwa mchapaji Christophe Plantin na mpaka leo vipo kwenye makumbusho ya Plantin-Moretus hukohuko. Sasa karne zikapita, kiwanda cha uchapaji cha serikali ya Ufaransa kikawa na seti ya herufi za zamani wakasema hizi ni za Garamond, na mwanzoni mwa karne ya 20 makampuni yakaanza kuzifufua kwa jina hilo, Monotype wakiwemo. Kumbe si zake! Ni za Jean Jannon, mchapaji wa mji wa Sedan, aliyezichonga miongo kadhaa baada ya Garamond kuzikwa. Aliyeyafukua hayo ni mwanamama Mmarekani, Beatrice Warde, 1926, na aliandika kwa jina la kiume, Paul Beaujon. Monotype wakaipenda makala, wakampa kazi huyo Bwana Beaujon, anakuja kutokea wanakuta mwanamke. Nacheka kila nikiikumbuka. Kwa hiyo ile "Garamond" ya kwenye Word ni Jannon kavaa koti la Garamond.

EB Garamond yenyewe imerudi kwenye chanzo. Hizo EB ni Egenolff-Berner, karatasi ya sampuli za herufi iliyochapwa Frankfurt 1592, ambayo ilionyesha herufi za wima za Garamond na italiki za mwenzake Robert Granjon. Mwaustria mmoja, Georg Duffner, akaichukua hiyo karatasi akaanza kuichora upya kwenye kompyuta, baadaye Mhispania Octavio Pardo akaongeza unene, ndo maana sahivi ina ngazi tano kuanzia ya kawaida mpaka ile nene kabisa, na kila moja ina italiki yake. Kwa kitu cha bure, aisee.

Haya, sasa twende kwenye Kiswahili chetu, maana mapitio mengi ya hizi fonti yanaandikwa na watu wanaotazama Kiingereza na Kifaransa. Mi nikaweka jaribio langu mwenyewe. Fikiria, Garamond alikuwa anachonga kwa ajili ya Kilatini na Kifaransa. Lugha hizo k na w karibu hazina kazi nazo. Herufi anazosifiwa nazo ni zipi? Q yenye mkia mrefu unaopita chini ya herufi inayofuata, kila mtu anaionyesha hiyo Q. Sisi Q tunaipeleka wapi? Hatuna. X hatuna. C peke yake hatuna, mpaka ishikwe mkono na h. Sisi mali yetu ni k, w, y, z na a zisizo na idadi. Kwa hiyo kumpelekea Garamond Kiswahili ni kama kumpelekea fundi kanzu kitambaa cha jinzi, ufundi anao, ila kitambaa si alichozoea.

Nikaandika sentensi ya kuitesa: "Kwa kuwa wakwezi wa Wawi walikuwa wakikwea kwa woga." Hesabu, w kumi na tatu na k saba kwenye mstari mmoja, na inaleta maana kabisa kama unajua Pemba na minazi yake. Nikaiprinti kwa Times, kwa ile ya Word na kwa EB, saizi 12 zote. Kwenye Times zile w zinasimama kama uzio wa mabati, msumarimsumari, jicho linakwaruza. Kwenye ile ya Word w zimefifia, unaona a na o tu. Kwenye EB zimekaa. Sijui nieleze vipi, mistari yake ya mlazo haina tofauti kali kati ya unene na wembamba kama Times, kwa hiyo hata zikifuatana kumi hazitengenezi mabaka. Na vile vijiguu vya mwisho wa herufi, serifu zenyewe, haviko kama vimekatwa kwa wembe, vimezungukazunguka kidogo kama vya kalamu ya mwanzi. Waliowahi kuona kalamu ya mwanzi ya hati za Kiarabu wataelewa, si mwandiko uleule lakini unahisi kuna mkono ulipita pale.

Kitu kingine nilichokipenda bila kukitegemea ni fi. Fonti hii ikikuta f na i zimekaa pamoja inaziunganisha, ile ndoano ya juu ya f inakuja kumalizikia palepale kwenye i, zinakuwa umbo moja. Sasa Kiswahili kina fi kibao: rafiki, safi, fikra, kufika, wasifiwa, mfinyanzi. Mwalimu alikuwa na shairi zima limeitwa Rafiki, kila ubeti unalitaja, na ukurasa ule nikiutazama mpaka leo ndo mzuri kuliko zote kitabuni. Angalizo tu, kwenye matoleo mengi ya Word muunganiko huo hauji wenyewe, unaingia kwenye dirisha la Font, sehemu ya Advanced, unawasha Ligatures. LibreOffice, mwenzake Word wa bure, inauleta bila kuombwa. Hapohapo kwenye Advanced kuna tarakimu za kizamani, zile ambazo 3, 4, 5, 7 na 9 zinateremka chini ya mstari na 6 na 8 zinapanda. Namba za kurasa nikaziweka hivo. Mwalimu akasema zimelewa. Nikaziacha.

Upana sasa. Mashairi yake mengi ni tarbia, mishororo minne, mizani kumi na sita, nane kwa nane. Mfano wa kutunga mwenyewe nisije nikamuibia: "Nimeketi kwa kiwambo, nikitazama machweo." Herufi kama arobaini hivi na nafasi zake. Kwenye A6 ukiacha pembeni kidogo kwa kidole gumba unabaki na kama sentimita saba na nusu za maandishi, na Times 12 mishororo mingine ilikuwa inavunjika, neno la mwisho linaanguka chini peke yake, na ukishaangusha kina cha mwisho umeua shairi. Kwa EB Garamond 12 mishororo yote iliingia isipokuwa mitatu. Ungeweza kuipunguza Times iwe 11 nayo ikaingia, sikatai, nilijaribu, ila ukurasa ulijaa kama kontena, maana Times herufi zake ndogo ni ndefu kwa urefu wa saizi yake, zinakula hewa ya kati ya mistari. Za Garamond ni fupi na mikono ya juu ya k, l na h inarefuka mpaka inazipita herufi kubwa. Huo ufupi ndo unaoleta weupe kwenye ukurasa.

Na ufupi huohuo ndo mtego, msije mkasema sikusema. Garamond 12 si sawa na Times 12 kwa macho. Inaonekana ndogo. Kuna kijana wa shule kule Marekani 2014 alitangazwa sana kwamba serikali ikihamia Garamond itaokoa mamilioni ya dola ya wino, wataalamu wa fonti wakamjibu kwamba sehemu kubwa ya huo uokoaji ni kwa sababu herufi ni ndogo tu, ukiikuza ifanane na Times wino unarudi kulekule. Kwa hiyo kwa wasomaji wazee weka 13. Mi niliacha 12 kwa ajili ya mizani na nikalipia, nitaeleza.

Kwenye nathari, maana nilijaribu pia utangulizi wa kitabu, ina faida ambayo sikuisoma popote. Maneno yetu ni marefu, "wasingelimkumbuka" ni neno moja hilo, na Word haijui kukata maneno ya Kiswahili mwisho wa mstari, kwa hiyo ukinyoosha pande zote mbili unapata mashimo meupe katikati ya mstari, mito kabisa inateremka ukurasani. Fonti yenye herufi za upana mdogo kama hii inaingiza herufi nyingi zaidi kwa mstari, mashimo yanapungua. Hayaishi, yanapungua.

Sasa mabaya. Moja, jicho la e. Kwenye Garamond kile kidirisha cha juu cha e ni kidogo sana, na tumbo la a nalo dogo, ndo sura yake hiyo, ndo inampa ule uzee wa heshima. Lakini kwenye fotokopi iliyochoka vidirisha vinaziba. Na Kiswahili a ndo maji yetu. Nilitoa kopi ya kopi nikaishika dirishani, neno "maelezo" e zote mbili zimekuwa vidonge vyeusi. Kwa hiyo kama kazi yako itaishia kuzungushwa fotokopi, mtihani wa shule, vipeperushi vya mkutano, achana nayo, tumia kitu chenye macho makubwa. Hii inataka printa nzima na karatasi isiyonyonya.

Mbili, saizi ndogo. Duffner mwenyewe alitengeneza toleo la pembeni la saizi 8, limenenepeshwa kwa ajili ya maandishi madogo, ila hii ya Google imetokana na lile la saizi 12. Mi sherehe za maneno magumu niliziweka saizi 8 chini ya ukurasa, zikatoka kama nyuzi za buibui. Nikazirudia kwa ngazi ya Medium zikasimama. Dakika kumi tu, lakini ujue.

Tatu, simu. Kwenye kioo cha simu ya kawaida usiiweke chini ya 18, na kwenye presentesheni ya ukutani sahau, watu wa nyuma wataona ukungu.

Nne ni kosa langu mwenyewe nusu na nusu la wachapaji. Nilipeleka faili la Word sehemu moja ya kuchapa, wakafungua kwenye mashine yao ambayo haina EB Garamond, kompyuta ikaweka fonti yake inayoijua bila kumuuliza mtu, wakaprinti nakala ishirini. Kurasa 64 zimekuwa 70. Mishororo imevunjika yote. Fi zangu hakuna. Na mbaya zaidi jamaa ananiambia "mbona iko poa tu kaka, inasomeka." Inasomeka! Toka siku hiyo sipeleki Word kwa mtu, natoa PDF, naifungua, naingia kwenye Properties sehemu ya Fonts naangalia kama imeandikwa imepachikwa humo, ndo natoka nyumbani.

Kadi za harusi niguse kidogo tu, hapo haina mpinzani kwa kweli, ile italiki ya Granjon na alama ya & kati ya majina mawili, huhitaji maua wala riboni ya kuchora. Wateja wangu wengi bado wanataka zile fonti za kujikunjakunja ambazo jina la bibi harusi halisomeki mpaka umjue. Siku hizi nawaonyesha zote mbili bila kusema kitu. Nusu wanachagua hii. Ratiba za misiba pia, ina upole fulani, haipigi kelele.

Nimebakisha ng'. Hapa nisikilizeni hata kama hamtaitumia hii fonti. Kwenye Times au kwenye simu hakuna anayejali ile alama ya ng'ombe umeiweka ipi. Watu wanataipu yoyote, iliyonyooka, iliyogeuka, wengine ile ya pembeni ya namba 1 kwenye kibodi, wengine wanaacha kabisa wanaandika ngombe. Kwenye Garamond inaonekana! Alama yake sahihi ni kitone chenye mkia kama 9 ndogo imeinama, ikikaa kwenye ng' inapendeza kama kipini cha puani. Ukiweka iliyonyooka inaonekana msumari. Dawa yake kwenye Word ni rahisi, unafungua Replace, unatafuta ' na kuibadilisha kuwa ' hiyohiyo, Word yenyewe inazikunja zote, halafu unatafuta ile nyingine ya kibodi peke yake. Nilifanya hivo, nikajisifu, nikafunga faili. Afu usiku mjukuu wake mwalimu akanitumia shairi moja la mwisho kwa WhatsApp, nikalibandika haraka ukurasa wa 31, nikatoa PDF.

Vitabu vilitoka, 150, karatasi ya rangi ya maziwa, safari hii sehemu nyingine. Nikampelekea mwenyewe. Shikamoo, marahaba, kaa hapo. Akafungua katikati, hakusema kitu muda mrefu, akasoma ubeti mmoja kwa sauti, akafunua tena. Kulalamika alilalamika, kwamba ni ndogo, kwamba toleo lijalo lazima nimuongezee saizi mishororo ikatike isikatike. Nikajua tu 12 ile itanirudia. Ila akakigeuza akakitia mfuko wa koti akakipigapiga kwa juu, nikajua amekubali. Nimeshaaga, nimefika mlangoni, nasikia ananiita. Kakitoa tena, kafungua ukurasa wa 31, kaweka kidole.

"Mwanangu, hebu njoo umwone huyu ng'ombe wako. Pembe yake imeangalia upande mwingine."